Meli inayokaa kiganjani: wiki saba za kujenga merikebu ya vita ya mezani

Kalemie – Meli ninayoiandikia habari hii haipiti sana urefu wa kidole changu cha kati. Ina milingoti mitatu, matanga ya karatasi, na matundu ya mizinga yaliyo madogo kuliko punje ya mtama. Binamu yangu anayeishi Ubelgiji aliileta siku za feti za mwisho wa mwaka, ikiwa vipande-vipande ndani ya sanduku, pamoja na burashi mbili na vichupa sita vya rangi. "Wewe unapenda historia na unapenda ziwa," aliniambia. "Shika hii, uijenge. Nikirudi tutacheza."

Ilinichukua wiki saba, kila jioni kisha kazi. Umeme ulipokatika niliendelea kwa tochi ya simu, na siku mbili tatu nilipaka rangi mahali pasipostahili kwa sababu hiyo.

Mchezo wenyewe huku kwetu haujulikani, lakini Uingereza, Italia na Marekani una watu wake wengi, tena watu wazima. Wachezaji wawili wanatandika juu ya meza kitambaa chenye rangi ya maji. Kila mmoja anapanga meli zake. Wanarusha dadu kusudi wajue upepo unatoka wapi, kisha wanaweka mshale pembeni ya meza ili asiwepo wa kusahau. Kuanzia hapo kila meli inasogezwa kwa rula, sentimita kwa sentimita, kufuatana na matanga iliyofungua na pembe iliyo nayo na upepo. Zikikaribiana, mizinga inapigwa, yaani dadu zinarushwa tena.

Kuna aina nyingi. Kampuni ya Ares Games ya Italia ilitoa mchezo wa Sails of Glory mwaka wa 2013, wenye meli zilizokwisha kupakwa rangi, kwa mtu asiye na subira. Warlord Games ya Uingereza ilitoa Black Seas mwaka wa 2019, ambamo mnunuzi anajenga na kupaka kila kitu mwenyewe. Kuna pia Langton Miniatures, ambao meli zao za madini ndizo ndogo zaidi kati ya hizo tatu. Ukubwa unahesabiwa kwa kulinganisha na meli ya kweli. HMS Victory, meli ya Admirali Nelson inayotunzwa hadi leo Portsmouth, ina urefu wa mita 69 hivi. Katika kipimo cha 1 kwa 700 cha Black Seas inakuwa na sentimita 10. Katika kipimo cha 1 kwa 1,200 cha Langton, haifiki hata 6. Mtu mzima aliyesimama juu yake angekuwa na urefu wa milimita moja na nusu. Nitarudi kwa huyo mtu.

Mwenye machimbo ya makaa aliyepanga meli mezani

Kabla sijafungua sanduku nilitaka kujua kama hii ni kazi ya maana ama ni kupoteza mafuta ya taa. Nilichokuta ni habari ya John Clerk wa Eldin.

Huyu alikuwa mtu wa Scotland, aliyezaliwa 1728, mfanyabiashara mwenye machimbo ya makaa ya mawe. Hakuwa baharia. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua: meli za Uingereza na za Ufaransa zilikuwa zinakutana, zinajipanga mistari miwili inayokwenda sambamba, zinapigana siku nzima, halafu kila upande unarudi nyumbani bila mshindi. Kwa nini? Clerk akachukua vimeli vidogo, akavipanga juu ya meza, akaanza kuvisogeza. Jibu alilopata ni kwamba aliye upande upepo unakotoka ndiye anayechagua saa na mahali pa kupigana, na kwamba achague kukata mstari wa adui, alemee sehemu moja kwa nguvu zake zote kabla wengine hawajageuka kuja kusaidia. Kitabu chake juu ya mbinu za vita ya majini kilichapwa kwanza 1782, nakala chache za kugawia watu anaowajua, na 1790 kikatolewa kwa watu wote.

Mwezi wa nne wa mwaka huo huo wa 1782, Admirali Rodney alikata mstari wa Wafaransa karibu na visiwa vya Saintes huko Karibi. Ubishi ulizuka na uliendelea miaka mingi: je, alipata wazo kwa Clerk, ama upepo uligeuka tu ukamfungulia njia? Mimi nafikiri upepo ulifanya kazi kubwa kuliko kitabu. Hata hivyo inabaki kuwa mtu wa makaa ya mawe, kwa vimeli vya mezani, aliona kitu ambacho wakubwa wa majini walikuwa wanazunguka pembeni yake.

Ukishika meli mkononi unaelewa haraka alichokiona. Mizinga yote iko ubavuni, kushoto na kulia. Mbele kuna miwili mitatu, nyuma hivyo hivyo. Na nyuma, badala ya mbao nene, kuna madirisha ya kioo ya chumba cha kapiteni. Meli inayofaulu kupita nyuma ya mwenzake inampiga kwa ubavu mzima, na risasi zinaingia dirishani zinapita katikati ya meli yote mpaka mbele, wakati yule hana cha kujibu. Ndivyo Victory ilivyoifanyia Bucentaure, meli ya mkubwa wa Wafaransa, huko Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Siku hiyo Nelson alikuwa na meli kubwa 27 mbele ya 33 za Ufaransa na Uhispania. Alizipeleka kwa mistari miwili moja kwa moja kwenye ubavu wa adui, zikapigwa njia nzima bila kuweza kurudisha, kusudi zikifika zipite katikati. Zilipofika, hesabu iligeuka. Upande wa pili ulipoteza meli 18, Waingereza hata moja. Nelson mwenyewe aliuawa.

Haya yote niliyasoma zamani shuleni kama tarehe za kukariri. Nimeyaelewa mwaka huu, nikiwa na kitu cha sentimita nane mkononi, nikikizungusha.

Rangi ya kumtambua ndugu

Kupaka rangi kunaanza kwa kisu na si kwa burashi. Vipande vinatoka katika kalibu vikiwa na mishono midogo pembeni, na usipoikwangua, rangi itaionyesha kama kovu. Baadaye unapaka rangi ya msingi, nyeusi au kijivu, ili nyingine zishike. Sakafu ya meli inapakwa rangi ya mbao iliyopauka kwa jua. Juu yake unamwaga maji ya rangi ya kahawia iliyochuchwa sana, ambayo yanatiririka ndani ya mistari ya mbao na kuacha kivuli. Hapo ndipo kipande cha plastiki kinageuka ghafula kuwa meli. Watoto wa nyumbani, waliokuwa wananicheka, walinyamaza siku hiyo.

Ubavuni kazi ni ngumu zaidi. Meli nyingi za Nelson zilikuwa nyeusi, zenye mkanda wa njano kwenye kila mstari wa mizinga, na vifuniko vya matundu vikiwa vyeusi. Vifuniko vikifungwa, unaona miraba ya njano na nyeusi kama ubao wa dama. Kupaka mkanda ulionyooka kwenye kitu kilichopinda, chenye urefu wa kidole, kunataka mtu asiyekunywa kahawa. Mimi nilirudia ubavu wa kushoto mara nne.

Lakini rangi hizo hazikuwa za urembo peke yake. Kabla ya Trafalgar, Nelson aliamuru pete za chuma zinazofunga milingoti zipakwe njano, kwa sababu za Wafaransa zilikuwa nyeusi. Katika moshi wa baruti bendera haionekani, pengine imeshaanguka. Pete ya mlingoti ndiyo ingemwambia mpiga mzinga kama aliye mbele yake ni ndugu au adui. Kwa hiyo ukiona mtu mzima amekaa na burashi yenye nywele tatu akipaka pete za njano kwenye kijiti chembamba kama sindano, usimcheke. Kuna watu waliopona kwa sababu ya pete hizo.

Kuna kisa kingine cha njano kinachowachekesha wapakaji wenyewe. Mwaka wa 2015 wataalamu walichunguza tabaka za rangi zilizolundikana kwenye mbao za Victory. Wakakuta kwamba njano ya siku za Trafalgar ilikuwa imepauka, ikielekea uwaridi, wala haikufanana na ile njano kali iliyozoeleka katika picha. Meli ikapakwa upya. Fikiria aliyekuwa amemaliza kundi zima la Nelson wiki iliyotangulia!

Kamba, na mzee wa mashua

Victory ya kweli ina kamba zinazokadiriwa kufika kilomita 42. Hakuna anayeweka zote kwenye meli ya mezani, kwa sababu mikono ya wachezaji ingezikata siku ya kwanza. Unachagua. Kuna kamba zinazoshikilia milingoti isianguke. Hizi zilipakwa lami, kwa hiyo uzi wake ni mweusi. Kuna zile za kuendesha matanga, ambazo hazikupakwa lami, uzi wake ni wa rangi ya katani. Ukitia hizo mbili tu kwa uaminifu, jicho linamalizia zingine.

Uzi uliokuja na sanduku niliuharibu. Nilitumia gundi nyingi, ile kole ya haraka ya mafundi wa viatu, ikatiririka kwenye mlingoti ikakauka kama machozi. Nilipovuta kurekebisha, mlingoti wa mbele ulivunjika. Nilikaa siku tatu bila kuigusa meli. Nikaenda kwa fundi wa nguo jirani, akanipa uzi wake mwembamba wa kushonea, na kutoka kwa muuza asali nikapata kipande cha nta. Uzi ukipitishwa kwenye nta unalala, nywele zake zinakufa, na haunyonyi gundi. Mlingoti niliuunga kwa pini ya ofisi iliyokatwa. Leo ukitazama hutaona, isipokuwa nikuonyeshe.

Namfahamu mzee mmoja mwenye mashua, mtu aliyevuka ziwa kwa tanga miaka mingi kabla hajapata moteri. Nilipomaliza nilimpelekea, nikitegemea sifa. Aliivaa miwani, akaigeuza meli pole pole, akacheka.

"Upepo wako unatoka wapi?"

"Nyuma, mzee. Angalia matanga yamejaa, yametokeza mbele."

"Nimeyaona. Tanga linasema upepo unakwenda huku. Bendera yako inasema unakwenda kule. Nimwamini nani?"

Alikuwa na haki. Bendera nilikuwa nimeibandika ikipepea kuelekea nyuma, kama ile ya gari la mkubwa barabarani. Lakini gari linaupita upepo kwa mbio, na meli ya tanga inasukumwa na upepo huo huo. Upepo ukitoka nyuma, bendera inapepea mbele pamoja na matanga. Ni kosa la kawaida sana kwa wajenzi wa vimeli, hata wazoefu. Mzee wetu hajawahi kuona merikebu ya milingoti mitatu maishani mwake, lakini upepo anaujua. Nilirudi nyumbani nikabandua bendera kwa wembe.

Alinieleza pia jambo ambalo vitabu vya kanuni za mchezo vinaliandika kwa mahesabu. Meli zile za matanga ya mraba hazikuweza kuukabili upepo uso kwa uso. Pembe ya digrii 67 hivi toka upepo unakotoka ndiyo ilikuwa mwisho wao. Zaidi ya hapo matanga yanarudi nyuma na meli inasimama. Kwa hiyo mezani mtu mwenye meli nzuri na mizinga mingi anaweza kukaa akiangalia mwenzake akipigwa umbali wa sentimita 30 tu, na asifike. Mzee aliposikia hilo alitikisa kichwa tu. Yeye anakumbuka mapatano ya mizigo yaliyovunjika kwa sababu upepo wa kusini wa kiangazi haukutaka.

"Na watu wako wapi?"

Shangazi yangu anaishi nasi tangu alipokimbia mapigano kijijini kwake. Alikuwa anapita mezani kila siku bila kusema neno. Jioni moja alisimama.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

Nikamweleza: meli ya vita ya zamani, mchezo, dadu, mizinga.

"Vita tena," alisema. Akainama kuangalia karibu. "Na watu wako wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia watu wangekuwa wadogo sana, milimita mbili na kidogo kwa kipimo cha meli yangu, ndiyo maana karibu wajenzi wote wanawaacha. Mchezoni watu wa meli ni namba kwenye karatasi, unaikata kila unapopigwa. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kupika.

Swali lake si geni katika mchezo huu. H. G. Wells, mwandishi Mwingereza, alitoa mwaka wa 1913 kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni, kiitwacho Little Wars. Humo alisema kwamba ukicheza vita ndogo mara chache tu utaona jinsi vita kubwa ya kweli ilivyo upumbavu, na aliwatakia wenye hamu ya vita wafungiwe na askari wa kuchezea. Nia yake ninaiamini. Ila 1914, mwaka uliofuata, Ulaya yote iliingia vitani, na vita hiyo ikafika mpaka hapa kwetu.

Wakaaji wa Kalemie wanaijua hadithi. Wajerumani walikuwa wanatawala ziwa kwa meli zao. Mwaka wa 1915 Waingereza walileta boti mbili za moteri, Mimi na Toutou, kwa bahari mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Fungurume, kisha zikakokotwa nchi kavu kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zikashuka Lualaba, zikafika Lukuga. Tarehe 26 Desemba ziliiteka Kingani. Na namna zilivyoiteka ingemfurahisha Clerk wa Eldin: mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu, basi zenyewe zilikaa nyuma yake. Hakukuwa na tanga wala upepo wa kutafuta, lakini somo la mezani ni lile lile. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Ile kubwa, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa saba. Baadaye iliinuliwa na kuitwa Liemba, na tangu 1927 ilibeba abiria. Nayo pia ilianza kama meli ya sandukuni: ilijengwa Ujerumani, ikabomolewa, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma.

Anayetaka anaweza kujenga vita hiyo nzima ya ziwani juu ya meza ya jikoni. Boti ni chache na hakuna kamba za kuvunja moyo. Nimeshaanza kuchonga Kingani kwa kipande cha mbao. Lakini tangu swali la shangazi siwezi kuisoma habari ile kama zamani. Majina ya boti tunayajua, tena ni majina ya kuchekesha. Jina la Kamanda Spicer-Simson limeandikwa kila mahali. Mamia ya vibarua Waafrika waliokata njia, waliojenga madaraja na kuvuta chuma kile milimani pamoja na ng'ombe na mashine za mvuke, hao ukiwatafuta katika hadithi utakuta neno moja tu: vibarua.

Binamu anarudi mwezi wa nane na tutacheza, kama tulivyopatana. Sioni dhambi katika dadu. Ila nimerudisha frigati yangu kwenye meza ya kazi. Nachukua pini, nachovya ncha yake katika rangi, naweka nukta moja ya buluu kwa koti, moja ya kahawia juu yake kwa kichwa. Inatoka kama mtu, ukiangalia kwa mbali. Wawili kwenye kila mzinga wa juu, wanne karibu na mlingoti wa kati, mmoja juu kabisa anaangalia. Meli ya aina hii, yenye mizinga 38, ilibeba watu zaidi ya 250. Nimefika 43. Jana shangazi alileta kiti, akaketi, akaniambia nyuma pale kwenye usukani bado kuna nafasi.